Wa Tangi la Chini

Jumamosi wanakuja, watoto mkono huu, simu mkono ule,
wanaruka dimbwi la mlangoni kwangu, hapa Xochimilco,
na kabla ya salamu: "Wa waridi unao?"

Ninao. Wa waridi hawakosekani.
Wanatabasamu nyuma ya kioo kama waliosikia umbea,
macho meusi ti, matamvua mekundu
yametandazwa shingoni kama ya shali ya sikukuu.
"Huyo ndiye aksolotli halisi," baba mtu anamwambia mwanawe,
nami nahesabu chenji.
Simwambii kwamba halisi ana rangi ya tope,
kwamba weupe hawa, wanavyosimulia wenye vitabu,
ni uzao wa dume moja lililopakiwa melini kwenda Paris
pamoja na wenzake thelathini na watatu,
likazaa huko, vilembwe wakarudi nyumbani
kwa bei ya wageni.

Bi Rosaura Tlapale alitoka Puebla kwa basi la alfajiri.
Alitaka wa buluu.
Kaambiwa wa buluu huvuliwa mwezi ukiwa mpevu,
na nyumba aliyomo haiingii kikohozi.
Nikamwonyesha taa iliyo juu ya tangi la tatu:
"Buluu ni hii, mama. Inapita kwenye waya."
Akaitazama swichi,
akaizima, akaiwasha,
kisha akanunua minyoo, ya kumlisha nani sijui.

Hadithi hazinihitaji mimi ili zitembee.
Yuko anayeapa kwamba changarawe nyekundu huwafanya wekundu.
Niliwazika wawili walioimeza;
walikufa na rangi yao.
Yuko asemaye wa dhahabu amekunywa jua,
naye jua halitaki hata kulisikia,
hujibanza nyuma ya chungu,
macho yake hayana wino wa kulizuia.
Na yule wa kijani, anayewaka chini ya taa ya zambarau,
alitiwa jeni ya konyeza maabarani;
majirani wanasema ni roho ya kijana aliyezama Cuemanco,
wananitajia jina lake, na la mama yake.
Siwabishii. Mama yake hupita hapa.

Shangazi Eufrosina, aliyenifundisha kubadilisha maji,
alikuwa na yake: eti huyu ni Xolotl,
mungu aliyeogopa kufa.
Wenzake walijitoa ili jua litembee, yeye akatimua mbio,
akajigeuza muhindi wa mabua mawili,
akajigeuza mkonge pacha,
mwisho akajitosa majini.
"Wakamkamata humo humo," alisema, akisuuza ndoo.
"Haya, niulizeni alikuwa na rangi gani."
Tukamuuliza.
"Ya mtu anayejificha, wajinga nyie."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Wa tangi la chini hafanyi hili wala lile. Amekaa.
Miezi kumi na minne.
Mwenzake alimng'ata mguu ukakatika,
ukaota mwingine, wa tope vilevile,
na hakuna aliyeupiga picha.

Nakiri: mwezi wa Machi nilimbandikia karatasi,
CHOKOLETI, WA NADRA, nikapandisha bei.
Akaja Citlalmina, binti wa fundi viatu,
akasoma, akachutama, akamulika tochi.
"Si chokoleti," akasema. "Ana vumbi la dhahabu mwili mzima.
Umedanganya, tena hukudanganya vya kutosha."
Alikuwa na noti ya hamsini, ile yenye picha yao,
imekunjwa mara nane.
Bei ilikuwa mara kumi ya hiyo.

Karatasi niliibandua.
Hajamchukua bado; anakuja Alhamisi, mara na noti, mara bila,
anahesabu vidoa, anadai vinaongezeka.
Sijui kama ni kweli.
Juzi, milango imefungwa, taa za juu zimezimwa,
nilijikuta nimelala kifudifudi kwenye saruji baridi,
tochi mdomoni,
nimefika mia moja na nane,
akageuka,
nikaanza upya.